Naona Kiu

Kwa Kiswahili kiu huonwa. Tunasema tunaiona, kama mtu aliyesimama mlangoni. Nimelitumia neno hilo tangu utoto bila kulitazama mara mbili, hadi figo zangu zilipokufa na kiu ikaja kweli mlangoni, ikaingia, ikavuta kiti.

Figo zikiacha kazi, maji unayokunywa hayana pa kutokea. Yanabaki mwilini. Kwanza miguuni, ambapo ukibonyeza kidole kinaacha shimo. Kisha usoni. Kisha kwenye mapafu, na hapo huna muda mrefu. Mashine ya kusafisha damu huyatoa, ila mashine unaifuata mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara, na siku za katikati unatembea na kila tone ulilomeza. Daktari aliniwekea kipimo: nusu lita kwa siku, pamoja na maji ya kumezea dawa, pamoja na chai, pamoja na mchuzi. Nusu lita ni vikombe viwili. Mtu mwenye afya huvimaliza kabla hajavaa viatu asubuhi.

Huu ni mwaka wangu wa sita. Nimepiga hesabu: vipindi 156 kwa mwaka, sindano mbili kila kipindi, matundu 312 kwenye mkono mmoja wa kushoto. Mkono huo una fistula. (Wengi wakilisikia neno hilo hufikiria ile ya uzazi, hii ni nyingine kabisa.) Daktari wa upasuaji aliunganisha mishipa miwili ya damu, ateri na vena, chini ya ngozi ili vena ipanuke na kuvumilia sindano. Ukiweka vidole juu yake unahisi mtetemo, kama paka anayekoroma akiwa amelala mapajani. Mtetemo ukipotea, fistula imeziba na una kazi. Kwa hiyo kila asubuhi kabla ya sala, na wakati mwingine badala ya sala, naushika mkono wangu kuona kama bado unavuma.

Kabla ya ugonjwa nilikuwa nafundisha watu wazima waliojiandaa kubatizwa. Somo la Umwilisho, yaani Mungu kutwaa mwili katika Kristo, nililipenda kwa sababu lilikuwa halinisumbui. Nilikuwa na mshale wangu. Nachora mstari juu ya ubao, hapo ni mbinguni. Nachora mwingine chini, hapo ni duniani. Halafu mshale mmoja unashuka kutoka juu hadi chini. Naandika pembeni Yohana 1:14, "Naye Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu." Nafuta chaki mikononi. Kuna swali? Hakuna swali. Twende somo linalofuata.

Nikiukumbuka mshale ule siku hizi naona aibu kidogo. Haukuwa na kosa la imani. Kosa lake ni kwamba ulikuwa umenyooka mno, na chini ulikofikia hapakuwa na kitu chochote. Hapakuwa na miguu iliyovimba.

Mwaka wa kwanza wa mashine niliuishi kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya mtu wa dini, yaani ilivaa suti. Nilisema "mapenzi ya Mungu" kwa sauti ya mtu anayewasilisha malalamiko. Ndugu wawili walipimwa kama wanaweza kunipa figo, wote hawakufaa. Waumini walikuja nyumbani, wakaomba, wakaondoka. Kisha akaja mhubiri mmoja mgeni, ambaye sitamtaja kwa jina wala kwa kanisa, akaniwekea mikono kichwani Ijumaa jioni na kunitangazia kuwa nimepona. Alisema mashine sasa ni kuutukana uponyaji. Mtu wa imani hatazami mwili wake, alisema, anatazama ahadi.

Sitamlaumu yeye peke yake. Mimi nilikuwa mwalimu, nilijua kusoma Maandiko, na mambo yanayokaribiana na hayo niliwahi kuyasema mwenyewe mbele ya wagonjwa wa watu. Kipindi changu kilikuwa Jumamosi. Sikwenda. Jumapili nilikunywa maji. Nilisimama jikoni nikamimina gilasi ikajaa hadi ukingoni, nikainywa yote bila kupumua, nikamimina ya pili. Nasema kweli, sijawahi kupokea sakramenti kwa furaha kama ile. Kufikia usiku nilikuwa nimekunywa zaidi ya lita mbili, nikimshukuru Mungu kwa kila gilasi.

Jumatatu usiku sikuweza kulala chali. Nikilala, maji yanapanda kifuani kama bomba lililofunguliwa. Mke wangu alinikalisha kitandani, akakaa nyuma yangu, mgongo wake ukutani na mgongo wangu kifuani pake, akanishikilia hivyo hadi usafiri ulipopatikana. Pumzi zangu zilikuwa na sauti ya mtu anayenyonya mrija kwenye gilasi tupu. Hakusema kitu. Hospitalini nesi aliyenijua alitazama mizani, akatazama miguu yangu, akauliza swali moja: "Umekunywa ngapi?" Nikamwambia. Akaandika. Mashine ilinitoa lita nne siku ile, na misuli ya miguu ilinibana kiasi kwamba niliuma shuka.

Baadaye mhubiri alituma ujumbe. Imani yako iliyumba, aliandika.

Nilikaa na sentensi hiyo wiki kadhaa. Ilikuwa na mantiki yake, na hiyo ndiyo shida. Kama mwili ni kitu cha kupuuzwa ili ahadi itimie, basi kweli niliyumba, kwa sababu nilivuta pumzi. Ndipo nikakumbuka jambo nililokuwa nikilifundisha kwa dakika tano tu, kwenye somo la uzushi wa kwanza, tukiwa tumechoka na saa imekwisha.

Mwanzoni mwa karne ya 2, Ignasi, askofu wa Antiokia, alikuwa akisafirishwa kwenda Rumi kutupwa kwa wanyama wakali, yuko minyororoni, analindwa na askari kumi. Njiani aliwaandikia Wakristo wa Smirna. Walikuwapo wakati huo watu walioona ni aibu kusema Mwana wa Mungu aliteswa, wakasema mwili wake ulikuwa wa kuonekana tu, mfano wa kivuli, aliigiza kuteseka. Ignasi aliwajibu kwa kutazama vifundo vya mikono yake. Kama Bwana aliyatenda haya kwa kuonekana tu, aliandika, basi na mimi nimefungwa kwa kuonekana tu.

Nilipoisoma tena hoja hiyo nikiwa na bandeji mbili mkononi, nilimwelewa mhubiri wangu. Hakunipa imani iliyozidi. Alinipa Kristo asiye na mwili, na akanitaka nifanane naye. Waraka wa kwanza wa Yohana umeweka kipimo cha roho mahali hapo hapo: kukiri kwamba Yesu Kristo amekuja katika mwili. Na Yohana yule aliyeandika Injili, alipotaka kusema Neno alifanyika nini, alichagua neno la Kiyunani ambalo sisi tumelitafsiri "mwili" kwa heshima. Lenyewe liko karibu zaidi na nyama, hiki kinachovimba na kuoza.

Ila ninaruka. Aliyenisukuma kusoma hayo yote hakuwa Mkristo.

Kwenye chumba cha mashine kila mtu ana kiti chake, na jirani yangu alikuwa mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa ameanza matibabu miaka minne kabla yangu. Mimi nilimwita mzee wangu, yeye aliniita mwalimu. Salamu yake ilikuwa moja: "Mwalimu, umekunywa ngapi leo?" Ukimwambia ukweli anatikisa kichwa, ukimdanganya anatazama mizani. Ramadhani ilipoingia nilimuuliza kama anafunga. Akacheka. "Mgonjwa amesamehewa. Na mimi na wewe, mwalimu, tunafunga mwaka mzima, futari hatuioni."

Yeye ndiye aliyenifundisha kazi yenyewe. Usinywe, sukutua utema. Gandisha maji yako katika vipande vidogo, kimoja kinakaa mdomoni dakika kadhaa, gilasi inakwisha kwa pumzi moja. Kimbia chumvi, kwa sababu kiu nyingi si ya maji, ni ya chumvi. Kikombe kikubwa ni adui, tumia kidogo, kijaze. Hakuna hata moja kati ya hayo lililosikika la kiroho, na yote yaliniweka hai.

Siku moja, mashine zetu zikiwa zimebakiza saa mbili, akaniuliza.

"Mwalimu, samahani. Nyinyi mnasema Isa ni Mungu. Na kitabu chenu kinasema alipokuwa msalabani aliona kiu. Sasa Mungu anaonaje kiu? Sisi tunasema yeye hulisha wala halishwi."

Nikamchorea mshale. Kwa kidole, hewani, mkono wa kulia, maana wa kushoto ulikuwa na sindano. Akasikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Haya," akasema. "Lakini kiu hujaigusa."

Na alisema kweli. Miaka yote ile niliizunguka. Nilipofika Yohana 19:28, "Naona kiu," niliwaambia wanafunzi wangu kwamba ni kiu ya kiroho, anazionea kiu roho zetu. Ni tafsiri ya zamani na ina watu wake. Sasa nikaiona kuwa ni njia ya heshima ya kumnyima mtu maji.

Nikarudi nyumbani, nikaisoma Injili ya Yohana yote kwa macho ya mtu wa nusu lita. Jaribuni siku moja. Ni kitabu kilicholowa maji kila mahali, na anayeyatoa hayanywi. Sura ya 4, amechoka na safari, "akaketi vivi hivi kisimani." Vivi hivi! Nilikuwa nimelisoma neno hilo mara mia na sikuwahi kuliona. Maana yake aliketi kama anavyoketi mtu aliyechoka, popote, bila mpango, jua la saa sita utosini. Anamwomba mwanamke Msamaria, "Nipe maji ninywe." Mazungumzo yanaanza, marefu, mazuri, ya maji ya uzima na mahali pa kuabudia, hadi mwanamke anauacha mtungi wake na kukimbilia mjini. Nimetafuta katika sura nzima mahali paliposema Yesu alipewa yale maji. Hapapo.

Sura ya 7 anasimama kwenye sikukuu na kupaza sauti, mtu akiona kiu na aje kwake anywe. Sura ya 19, saa sita inatajwa tena, safari hii mbele ya Pilato. Na yule yule aliyesimama na kupaza sauti anasema maneno mawili, ambayo kwa Kiyunani ni neno moja tu. Kulikuwa na chombo cha siki hapo, kinywaji cha bei rahisi cha askari wa Kirumi. Wakachovya sifongo, wakaipeleka kinywani pake kwa ufito wa hisopo. Marko anasema mwanzoni walimpa mvinyo wenye manemane akaukataa. Hii ya mwisho aliipokea. Mimi ninayenyonya vipande vya barafu najua maana ya sifongo. Hainyweshi. Inalowanisha ulimi kidogo ili maneno yatoke, na maneno yaliyotoka ni "Imekwisha."

Swali la mzee, lakini, lilikuwa palepale, na kanisa lenyewe lilipigana nalo kwa zaidi ya karne. Ario, mzee wa kanisa huko Aleksandria, aliona kama mzee wangu: anayechoka, anayekua, anayelia, hawezi kuwa Mungu kamili, basi Mwana ni kiumbe, hata kama ni cha kwanza. Mtaguso wa Nikea, mkutano wa maaskofu wa mwaka 325, ulimkatalia. Askofu Atanasi aliyeitetea Nikea alifukuzwa kwenye kiti chake mara tano, jumla miaka kama 17 uhamishoni. Wengine wakateleza upande wa pili, wakampa Kristo mwili lakini wakamnyima akili ya kibinadamu, na Gregori wa Nazianzo akawajibu kwamba kisichotwaliwa na Kristo hakikuponywa. Kwenye mtaguso wa Kalkedonia, mwaka 451, maaskofu wakafikia kauli: Kristo mmoja katika asili mbili, bila kuchanganyika, bila kugeuka, bila kugawanyika, bila kutengana. Maneno manne, yote ya kukanusha. Zamani nilidhani maaskofu waliishiwa maneno. Siku hizi naona walijua pa kunyamaza.

Nilimrudishia mzee jibu baada ya wiki mbili hivi. Nikamwambia, tunakubaliana nanyi kwamba Mungu kwa uungu wake hahitaji tone la maji. Tunachosema sisi ni kwamba alitwaa kinywa.

Alikaa kimya, nikafikiri amelala. "Hapo ndipo tunapoachana, mwalimu," akasema, akavuta blanketi. "Umekunywa ngapi leo?"

Mke wangu kwa muda mrefu alikuwa akinywa maji kwa kujificha. Sikulijua hilo hadi siku moja nilipoingia jikoni ghafla nikamkuta ameupa mlango mgongo, gilasi mdomoni, kama mtoto aliyeiba sukari. Nikamwambia anywe mbele yangu, mimi si mtoto. Akasema sawa. Akaendelea kujificha.

Kisha kuna wiki moja nilianza kuona kuwa anaumwa kichwa. Midomo imemkauka, anakuwa mkali bila sababu, na usiku anageukageuka. Asubuhi ya siku ya sita nilifungua kabati nikakuta vikombe viwili vyenye alama ya kalamu. Kimoja changu, nakijua, nilikiwekea alama mwenyewe. Cha pili kilikuwa na alama mpya, pale pale ilipo yangu.

Nilimkaripia. Nilimwambia ni ujinga, figo zake ni nzima, anaweza kujiumiza, na hata akikauka kabisa mimi kiu yangu haipungui hata tone. Yote hayo yalikuwa kweli. Akanisikiliza hadi nikamaliza. "Najua haipungui," akasema. "Nilitaka kujua saa tisa usiku kukoje."

Nilitoka, nikaenda kukaa kitandani. Saa tisa usiku ndiyo saa yangu mbaya. Nyumba nzima imelala, ulimi umegandana na kaakaa, nasikia bomba la bafuni likidondosha tone moja, la pili, la tatu, na ninajua idadi kwa sababu ninahesabu. Miaka miwili nilidhani nipo peke yangu saa ile. Siku sita zilizopita kulikuwa na mtu mwingine macho, pembeni yangu, gizani, anahesabu matone yale yale, na hakunigusa ili nisijue.

Sitasema Umwilisho ni kama hivyo, maana mke wangu ni mke wangu, na angeweza kuamka wakati wowote akaenda kunywa. Siku ile ile, baada ya ukali wangu, alikunywa. Wala hakuniokoa na kitu. Lakini nilipofungua tena Waraka kwa Waebrania, pale paliposema hatuna kuhani mkuu "asiyeweza kuchukuana nasi katika mambo yetu ya udhaifu," neno hilo kuchukuana lilikuwa na alama ya kalamu pembeni yake.

Waebrania huo huo ndio ulionipa shida kubwa kuliko zote, na bado unanipa. Sura ya 5 inasema siku za mwili wake alimtolea Mungu maombi na dua "pamoja na kulia sana na machozi," kwa yule awezaye kumwokoa na mauti, "akasikilizwa." Akasikilizwa! Nilipiga mstari chini yake kwa hasira. Alisikilizwa vipi? Kikombe cha mateso hakikuondolewa. Kesho yake alikuwa msalabani. Mimi nikiomba figo nisipewe, watu wa kanisa hawaniambii nimesikilizwa. Wananiambia ningoje, au kama yule mhubiri, kwamba niliyumba. Nimewauliza watu wenye elimu kuliko yangu. Wengine wanasema alisikilizwa kwa kufufuliwa siku ya tatu, na nadhani hilo ndilo jibu zuri zaidi lililopo. Lakini mstari unaofuata unasema, ingawa ni Mwana, alijifunza kutii kwa mateso yaliyompata. Alijifunza. Kuna jambo ambalo hata yeye alilijua kwa kulipitia tu, kama mke wangu na saa tisa.

Kwa hiyo sala zangu zimefupika. Siku hizi usiku siombi figo. Sijaacha kuitaka, niliomba, na jina langu liko kwenye orodha ya Mungu kama lilivyo kwenye orodha ya hospitali. Saa tisa nasema tu, "Naona kiu." Maneno yale yale aliyoyasema yeye. Siku nyingine nikishasema nalala. Siku nyingine silali, na bomba linadondosha hadi kunakucha. Ndugu mmoja aliniuliza kama sala hiyo inasaidia. Nilimjibu kwamba kiu iko vilevile, ninachojua ni kuwa siisemi kwa mtu anayehitaji kutafsiriwa.

Mkono wangu sasa una vinundu viwili pale sindano zinapoingia, na hautarudi kuwa kama zamani hata nikipata figo kesho. Zamani uliniaibisha, nilivaa mikono mirefu hata kwenye joto. Sasa namkumbuka Tomaso, mwanafunzi aliyetaka kuyaona matundu ya misumari mikononi mwa Yesu. Mwili uliofufuka uliingia milango ikiwa imefungwa, lakini matundu yale haukuyaacha kaburini. Sijui nini zaidi cha kusema juu ya hilo. Nimekunja mikono ya shati, basi.

Mzee wangu alifariki mwaka jana, kati ya kipindi cha Alhamisi na cha Jumamosi. Hatukuambiwa. Jumamosi tulifika, kiti chake kikiwa kitupu, nesi akaangalia chini alipokuwa ananiunganisha, nikajua. Nilikuwa nimekunywa kupita kipimo siku ile, nusu lita na robo, na hapakuwa na wa kuniuliza. Saa nne zilikuwa ndefu. Nilitaka kumwombea kwa namna ambayo isingemkwaza, nikakosa maneno, nikahesabu matone ya dripu ya mtu wa upande wa pili.

Jumanne kiti kilikuwa na binti wa miaka ishirini na kitu, kovu la fistula yake bado jipya, macho mekundu. Mama yake alisimama nyuma akiwa ameshika mkoba kwa mikono miwili. Nesi alipoondoka, binti akanigeukia.

"Baba, shikamoo. Samahani. Ile kiu... inazoeleka?"

"Marahaba. Hapana," nikamwambia. "Umekunywa ngapi leo?"

Akanitajia, akiinamisha macho. Nikamweleza habari ya vipande vya barafu, na kusukutua, na chumvi, na kikombe kidogo. Mama yake akatoa karatasi akaandika. Aliogopa mkono wake, niliona. Alikuwa ameuweka mbali na mwili wake kama mzigo wa mtu mwingine. Nikamnyooshea wangu, wenye vinundu, nikamwambia aweke vidole hapa, juu kidogo ya bandeji.

Akaweka. Akakunja uso kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Inavuma," akasema.

"Sasa shika wa kwako."

Saa ya mashine yake ilionyesha zimebaki saa tatu na dakika arobaini.